Machela Nyeupe

Binti yangu anataka kulala hewani. Shuleni kwao kuna kikundi cha kupiga kambi, na likizo hii wanakwenda porini upande wa Burigi. Wenzake watabeba mahema, yeye hema hataki. Ameona kwenye simu watu wakilala katika kitambaa kilichofungwa kati ya miti miwili, na sasa hana usingizi mpaka ashone cha kwake, kwa cherehani yangu, kwa kitambaa atakachochagua mwenyewe. Mimi kazi yangu ilikuwa kutoa hela na kunyamaza. Kutoa hela nimeshazoea, kunyamaza ndiko kulikonishinda.

Tuliteremka kutoka Kitendaguro mpaka mjini Bukoba, tukaingia duka la vitambaa karibu na soko. Nilipovuka kizingiti tu ile harufu ikanipokea. Kila aliyewahi kununua kitambaa kipya anaijua: wanga, vumbi, na kitu kingine kikavu kinachokaa kooni. Binti yangu alipapasa hiki na kile, na muuzaji, kijana mchangamfu, akamshushia jora la nailoni nyepesi. Alilikunjua, akashika ncha mbili, binti yangu akashika mbili, na katikati kitambaa kikalegea kikatengeneza tumbo, tayari kumpokea mtu. Kilikuwa cheupe.

"Hicho hapana," nikasema.

"Mama, ndicho chepesi kuliko vyote."

"Cheupe kinachafuka."

"Porini nani ataangalia uchafu?"

"Nimesema hapana."

Nadhani nilipandisha sauti, maana muuzaji alianza kukunja haraka kama mtu aliyekamatwa. Tulinunua cha kijani, kizito kidogo, na binti yangu akaninunia njia nzima. Sikumweleza. Mtoto aliyezaliwa mjini, ambaye gari linafika mpaka mlangoni kwake, nitaanzia wapi kumweleza? Nawaandikia ninyi rika langu, mliokulia migombani wakati ule njia zilipokuwa za miguu tu.

Kijiji chetu kiko Muleba, mbali na barabara kuu iendayo Biharamulo. Kutoka kwetu kwenda barabarani unashuka bonde, unavuka kijito, unapanda tena upande wa pili, na ukiwa uani kwetu unaiona njia yote ya ng'ambo mpaka kileleni. Mgonjwa aliyeshindwa kutembea alibebwa kwa engozi, yaani machela: kitu cha kulalia kilichoning'inizwa kwenye mti mrefu, wanaume wawili mbele, wawili nyuma, na wengine wakifuata ili wapokezane. Kila mtaa ulikuwa na ya kwake. Ya mtaa wetu ilifumwa kwa matete na wazee ambao wengi wao walikuwa wameshatangulia, na ilikuwa imeanza kuoza. Siku moja ikamwachia mzee mmoja pale kijitoni. Hakuvunjika mfupa ila kiko chake cha tumbaku kilivunjika, na kwa ajili ya hicho kiko aliwalaani wabebaji mpaka barabarani. Baada ya hapo mtaa ukakubaliana kwamba itashonwa machela mpya, ya kitambaa. Kazi akapewa Shangazi Koku, dada yake baba, kwa sababu cherehani ya mtaa mzima ilikuwa moja na ilikuwa yake.

Wakati huohuo mama alikuwa ameanza kuvimba. Asubuhi aliamka macho yamekuwa mistari miwili, na miguu yake imejaa hadi viatu vya kanisani vikawa havimwingii. Nilikuwa nikikaa naye barazani, nabonyeza mguu wake kwa kidole, na shimo la kidole linabaki pale, kama unapobonyeza ndizi iliyoiva sana. Kwangu ulikuwa mchezo. Yeye alicheka, akasema, "Bonyeza na hapa," akanionyesha pengine. Hakuna aliyeniambia kwamba ni ugonjwa. Niliona tu kwamba baba amepunguza maneno, na kwamba Shangazi Koku, ambaye kwa kawaida nguo ya mtu aliikalisha mpaka mwenyewe akanenepa isimwenee, safari hii alikuwa na haraka.

Alinichukua tukaenda Bukoba kununua kitambaa. Nyumbani walitaka utulivu, na mimi utulivu sikuujua. Njiani nilikuwa nimeshajenga habari yangu kichwani. Nilikuwa nimesikia wakubwa wakizungumza juu ya kitambaa cha kufunga kwenye mti na mtu akalala ndani yake. Nilikuwa nimesikia pia kwamba mama halali vizuri. Nikajumlisha. Tunakwenda kumshonea mama pembea.

Duka lilikuwa la Mzee Rajabali, mmoja wa Wahindi wachache waliokuwa wamebaki mjini, aliyezaliwa palepale na kuongea Kihaya vizuri kuliko watoto wetu wa leo. Majora yalipangwa mpaka darini. Mimi sikuhitaji kutafuta. Nililiona langu mara moja: jekundu kwa maua makubwa ya njano, na nikalikumbatia.

"Hili, Shangazi. Mama atalipenda."

"Hilo litakaa mpaka siku utakapoolewa," Shangazi akasema, akanibandua.

Yeye alikuwa na namna yake ya kuchagua. Hakuangalia rangi. Alishika pembe ya kitambaa, akaivuta mshazari kwa mikono miwili, akainamisha kichwa na kusikiliza. Kisha alisugua kwa vidole mpaka wanga utoke, aone kilichobaki ni uzi au ni unga. Mzee Rajabali alileta turubai. Shangazi akakataa: likinyeshewa linakunywa maji, na wabebaji watabeba mvua pamoja na mgonjwa. Akaleta jinzi. Zito, na mwenye homa ataungua ndani yake. Akaleta kitenge cha bei nzuri, Shangazi akakivuta na kucheka. "Hiki kinarefuka. Mgonjwa atafika barabarani makalio yakisugua njia."

Mwishowe alisimama mbele ya marekani. Nyinyi mnayakumbuka, yale magumu yasiyo na nakshi, meupe ya maziwa. Aliyakunja mara mbili, akayavuta, akasikiliza, akayavuta tena. Uso wake ukatulia.

"Haya. Tabaka mbili. Mepesi begani, yanakauka upesi, na yanachemshika. Kitambaa cha mgonjwa lazima kichemshike."

Mzee Rajabali hakugusa mkasi. "Waitu, dada," alisema taratibu, kwa lile neno letu la kubembeleza, "watu wako wanaokuja kununua nyeupe hii kwangu, huja macho yamevimba."

"Hii ni ya walio hai."

"Wewe unajua, na mimi najua. Atakayeiona kwa mbali, naye atajua?"

"Nguvu haina rangi, mzee. Kata."

Akakata. Au tuseme alianza kwa mkasi, kisha akakipasua kwa mikono, kitambaa kikapiga ukelele mmoja mrefu kutoka pindo hadi pindo. Shangazi aliomba na kipande cha ziada, cha viraka. Mimi nilikuwa nimenuna. Nani angempa mama yangu pembea isiyo na ua hata moja?

Alishona barazani kwake, mshono juu ya mshono, na kwenye ncha akaacha mapindo mapana ya kupitishia mti. Ilipokwisha aliitundika chini ya dari, akaijaza mikungu ya ndizi mpaka ikakaribia kugusa sakafu. Nilipotaka kupanda alinivuta sikio. Kwetu mtu mzima wa afya haingii katika engozi; kuijaribu ni kuiita. Kwa hiyo hujaribiwa kwa ndizi. Zilining'inia mle alasiri nzima, na Shangazi akapita kila mara kuweka sikio kwenye mshono. Nilichukia sana kwamba ndizi zimepata kubembea kabla ya mama.

Mama akawa wa kwanza kubebwa nayo. Walimchukua asubuhi na mapema, ukungu ukiwa bado umelala migombani, wakamfunika blanketi lake jekundu kuanzia kidevuni mpaka miguuni na kuzunguka kote, hata weupe wa kitambaa ukawa hauonekani. Baba alikwenda naye. Nilimpungia mkono, naye akatoa wake chini ya blanketi akanipungia, umevimba kama mkono wa mtu mwingine. Nilidhani watamzungusha kidogo, wampeleke mpaka kijitoni, kisha warudi. Nilikaa uani nikisubiri zamu yangu. Bibi, mama yake baba, ndiye aliyekuja kuniingiza ndani.

Siku zikapita bila habari. Simu hazikuwepo, na anayetoka hospitali kule Muleba mjini hakupita kwetu ila kwa bahati. Nyumba ilikuwa na Bibi, mimi, na sauti ya Bibi akisali rozari.

Halafu ikaja ile siku ya jua kali. Wabebaji walimpokea mama barabarani, pamoja na baba; mama akiwa hai, uvimbe umetoka, amekonda na amechoka kiasi cha kutoweza kushika shingo yake. Joto lilikuwa kubwa, basi blanketi wakalikunja wakaliweka chini ya kichwa chake. Na ili jua na vumbi visimuumize, wakachukua kingo mbili za kitambaa wakazikutanisha juu yake, wakazifunga usoni. Walifanya jambo la huruma. Kisha wakaanza kushuka bonde.

Ng'ambo ya pili kulikuwa na mwanamke akipalilia maharage. Aliinua kichwa akaona njiani mti mrefu mabegani mwa watu, na chini yake kitu kirefu cheupe, kimefungwa kotekote. Sisi tulizika wafu wetu kwa nyeupe ileile. Akaweka mikono kichwani, akatoa ukunga.

Kwetu ukunga mmoja haubaki peke yake. Wa maharage uliitikiwa na wa kisimani, wa kisimani ukaitikiwa na wa shambani kwa jirani, na ulipofika uani kwetu Bibi alikuwa ameshaona mwenyewe. Alianguka pale aliposimama. Watu walitokea katika migomba kila upande, wanawake wamefunga viuno, wanaume wamenyamaza. Mimi nilikuwa karibu na pipa la maji. Nilikitazama kile kitu cheupe kikija na nikakitambua mara moja, maana nilikuwepo kikinunuliwa. Pembea ya mama inarudi. Nilifurahi. Sikuelewa kwa nini watu wanalia, na kwa kuwa sikuelewa, mimi sikulia. Kabla wabebaji hawajavuka kijito, jirani yetu Mama Adela alinibeba mzobemzobe akanipeleka kwake.

Yaliyofuata sikuyaona. Nimeyasikia kwa Shangazi Koku, ambaye huyasimulia kila anapopata mtu aliyekaa. Wabebaji waliposikia kilio walidhani kuna msiba mwingine nyumbani, labda Bibi, wakaanza kukimbia. Waliingia uani mbio, watu wakaurukia ule mzigo, wakaukumbatia, wakaliita jina la mama. Na kutoka ndani ya kile kitambaa, sauti iliyokauka ikauliza, "Mnamlilia nani?"

Shangazi anasema watu walitimua mbio, uani pakabaki watu watatu na mzigo wao. Katekista, aliyekuwa amefika kuongoza sala, alipatikana upande wa pili wa mibuni, na hakuweza kueleza alipitaje.

Ningekuwepo, ningemwona mama akitolewa mle akiwa mzima, na haya yote yangekuwa hadithi ya kuchekesha. Lakini nilikuwa kwa Mama Adela, jikoni, nimepewa ndizi ya kuchoma. Adela mwenyewe, aliyenizidi umri na kwa hiyo alijua kila kitu, aliniinamia akaniambia kwa upole, "Kemi, mama yako amekufa. Amerudi na nguo nyeupe." Aliniambia na mengine, ili nisihangaike siku za mbele. Kwamba waliokufa wakati mwingine hurudi wakakaa na watu. Utawajua kwa chumvi. Waliokufa hawali chumvi.

Nyumbani, usiku huo, wakubwa walikuwa wakibishana. Baba alitaka watu washukuru Mungu na kwenda kulala. Bibi alikataa. Maji yakimwagika hayazoleki, alisema, na machozi ndiyo zaidi. Kilio kilichokwisha kutolewa lazima kipate mwenyewe, la sivyo kitarudi kumchukua aliyekusudiwa. Mwishowe baba alishindwa, kama wanaume wanavyoshindwa na mama zao. Asubuhi walikata mgomba wa kuzikwa badala ya mama, wakaupima kwa urefu wake, wakaufunga kwa kile kipande cha ziada cha marekani.

Na hapo ndipo niliporudishwa. Nilikuja nimeshikwa mkono na Mama Adela, tukapita nyuma ya nyumba, na nikaona wanaume wakishusha shimoni kitu kirefu cheupe. Nilikijua kitambaa kile. Hakuna aliyekuwa analia, na hakuna aliyenieleza. Walifukia, wakapiga udongo kwa majembe, wakanawa mikono. Kisha Shangazi akanipokea akaniingiza ndani, kitandani kwa mama, na pale palikuwa na mwanamke mwembamba, mashavu yameingia, ananuka dawa.

"Msalimie mama yako," Shangazi akasema.

Yule mwanamke akanyoosha mkono. "Kemi," aliniita, kwa sauti ya kukwaruza isiyokuwa ya mama. Nikajificha nyuma ya Shangazi.

Sijui kama mnaweza kuikumbuka hofu ya utoto ilivyokuwa, ile isiyo na pa kupelekwa. Mama yangu alikuwa mnene wa uso, mimi mwenyewe nilimbonyeza kwa kidole. Mama yangu alikuja katika kitambaa cheupe, na kile kitambaa cheupe nilikiona kikifukiwa. Sasa kuna mtu katika kitanda chake. Na jioni ile nilimsikia Shangazi akimwambia Bibi, kwa sauti ya chini, "Chungu chake kiwe peke yake. Chumvi asiionje hata kidogo." Ulikuwa mwiko wa daktari, kwa sababu ya figo. Mimi daktari nilimjulia wapi? Nilijua ya Adela.

Nilihamia kwa Bibi, nikalala ubavuni mwake. Alichonipa yule mwanamke sikula. Akiniita upande huu, nilizunguka nyumba nikatokea upande ule. Alianza kutembea kwa kushika ukuta, na mimi nilitazama nyayo zake kama zinagusa chini. Zilikuwa zinagusa, lakini sikuridhika. Siku moja alijaribu kunisuka, nikakaa nimekakamaa mpaka mikono yake ikakata tamaa yenyewe. Nilimsikia akimwambia Shangazi, "Huyu mtoto amenisahau." Shangazi akamjibu kwamba watoto ni kama kuku, humfuata aliyeshika mahindi, atakuzoea tena. Mama hakucheka.

Yule wa kweli nilimtembelea nyuma ya nyumba. Nilimpelekea ndizi na maharage katika kipande cha jani, vimetiwa chumvi ya kutosha, maana yeye chumvi aliipenda. Nilikaa juu ya tuta nikamweleza habari za siku: mbuzi kazaa, Bibi anakohoa, yule mtu bado yupo. Sikulia. Nilikuwa nachongea.

Alinikuta huko. Sikusikia akija, niliona tu kivuli chake kimelala juu ya jani langu. Alikuwa amejifunga khanga kifuani, ameshika mgomba ili asianguke.

"Unaongea na nani?"

"Na mama."

Akakaa chini polepole, upande wa pili wa tuta, likawa katikati yetu.

"Anasemaje?"

"Anasema huko kuna baridi." Nilifikiri kidogo. "Anasema utoke kitandani kwake."

Nimekuwa mama sasa, na neno hilo linanichoma mahali ambapo wakati ule sikujua kama pana kitu. Hakunigombeza. Alitazama ule udongo waliourundika kwa ajili yake, uliokuwa na urefu wake kamili, akaupapasa kwa kiganja.

"Na wewe, Kemi, unasemaje? Mimi ni nani?"

"Wewe huli chumvi," nikamwambia.

Aliniangalia, nami nikamweleza yote ya Adela, kwa fahari hata, kwa kuwa nilikuwa nimemkamata. Nilipomaliza, alinyoosha mkono akachukua jani langu. Chumvi ilikuwa imebaki pembeni, mabonge, nilikuwa nimeichota kwa ngumi. Aliitia kinywani akaitafuna mbele yangu, macho yake hayanibanduki. Alilamba na jani. Kisha akaniambia, "Nenda kwa Bibi ulete nyingine."

Nikaleta. Akala na hiyo.

Shangazi alitukuta pale akapiga kelele kuhusu daktari, na mama akamwambia, "Niache, Koku, nina kazi." Machela ilikuwa imeanikwa karibu na jiko, kati ya mparachichi na nguzo. Mtaa ulikuwa umeikataa kwa weupe wake, na Shangazi alikuwa anaipaka utomvu wa mgomba, ambao ukishashika nguo hautoki tena, mpaka iwe kahawia. Nusu yake ilikuwa bado nyeupe. Mama alikwenda akajitupa ndani yake, yeye aliyeonywa kama sote kwamba mwenye uhai hapandi, akaniita. Bibi aligeuka akatazama ukuta. Mimi nilipanda. Kitambaa kikatubana, tumbo langu juu ya mbavu zake, na nikausikia moyo wake ukigonga. Pumzi yake ilikuwa na chumvi.

"Niliwasikia, unajua," aliniambia sikioni. "Nilikuwa na homa, gizani mle. Nikamsikia Bibi yako. Nikamsikia Mama Adela. Hata yule tunayegombania naye mpaka wa kibanja cha migomba, alinililia vizuri kweli. Nikasema, basi nimekufa, hawa wote hawawezi kukosea. Nikaanza kuitafuta sauti yako katikati yao. Sikuipata. Nikasema, Kemi halii. Basi bado."

Asubuhi yake miguu yake ilikuwa imevimba tena, na Shangazi hakuongea naye siku nzima. Uvimbe ulipungua, ukarudi, ukapungua, na tukaishi hivyo. Alinilea, akaniozesha, akambeba binti yangu. Alipita kwenye lile tuta kila siku akienda kukata ndizi, na alilipalilia kama sehemu nyingine yoyote ya kibanja.

Mama amefariki kabla ya msimu huu wa senene. Figo zilimaliza kazi yao. Barabara siku hizi inafika, gari lilimleta mpaka uani, na vijana wakachimba pale nyuma. Waligonga udongo laini wa tuta la zamani, wakasimama, wakauliza hapo amelala nani. Shangazi Koku, ambaye sasa anatembelea fimbo, akawajibu, "Ni huyuhuyu. Sogeeni kidogo kushoto."

Waliposhusha jeneza ukunga ulipanda, wa jirani ukaitikiwa na wa ng'ambo, kama zamani. Nilisimama kando ya shimo nimebana midomo. Niliona watu wakinitazama, mtoto wake pekee. Shangazi alinifinya mkono.

"Lia, waitu. Watu watasema nini?"

Nikatikisa kichwa. Nikilia atanisikia, naye atajua.